Aliyeshika Darasa la Peres

Mkebe wa kwanza wa kitoza machozi ulidunda mbele ya duka la sare za shule pale Barabara ya Biashara, ukazunguka kama pia, na wahadhiri waliogoma, waliokuwa wakiandamana na kuimba, wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba wana miguu. Watu wenye shahada za uzamifu walikimbia kama vifaranga waliomwona mwewe. Mmoja aliacha kiatu. Mwingine, profesa mzima mwenye mvi, aliingia chini ya meza ya muuza soksi akakataa kutoka.

Daktari Peres Were hakukimbia mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha wahadhiri katika tawi lao, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na aliona haya kuwa wa kwanza kugeuka. Alikuwa amevaa joho lake jekundu la mahafali juu ya suruali ya jinzi na raba nyeupe, nywele amezifunga kwa kipande cha kitenge cha manjano. Ungemwona kutoka mbali. Polisi nao walimwona. Rungu likamshukia mwenzake aliyekuwa ubavuni, Peres akasikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu, ndipo akatimua mbio.

Moshi ulimkuta kwenye kona. Macho yaliwaka, koo likafunga, akawa anapapasa ukuta kama kipofu. Mara mkono wa mwanamume ukamkamata na kumvuta ndani ya mlango wa duka. Peres alikuwa amesikia habari nyingi za askari wasiovaa sare. Hakuuliza jina. Aliinua kile kipaza sauti, akamtwanga nacho usoni kwa nguvu zake zote.

"Woi! Jino yangu!"

"Niachilie! Karao wewe!"

"Karao gani, mama? Mimi ni mwalimu! Karao ametoa wapi kalamu za ubao?"

Mwenye duka aliteremsha mlango wa chuma, kelele za nje zikafifia. Peres alifungua jicho moja. Mbele yake, kati ya majora ya vitenge, alisimama mwanamume mrefu mwenye shati la mistari, kalamu nne za ubao mfukoni, damu ikimtoka mdomoni. Kwenye kiganja alikuwa ameshika kipande cha jino lake mwenyewe, akikitazama kama mtu aliyepokea barua ya msiba.

"Haki ya Mungu, nisamehe," Peres akasema.

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Nani huuliza kwenye vita?"

Yule mwanamume alicheka, kicheko kikapitia kwenye pengo jipya na kupiga mluzi. Peres naye akacheka, machozi ya moshi yakichanganyika na ya kicheko. Mwenye duka aliwaletea maji ya kunawa uso na akawaambia kwamba wakimaliza kuuana wanunue angalau mita mbili.

Jina lake lilikuwa Kiarie.

*

Kesho yake simu ya Peres ililia kabla hajanywa chai.

"Dakta Ngumi."

"Pengo! Umelalaje?"

"Mdomo wazi. Jana jioni daktari wa meno aliniuliza kama ni ajali ya boda boda. Nikamwambia ni ajali ya msomi."

"Umemwambia huyo msomi ni mrembo?"

"Nilikuwa nimeziba macho, kulikuwa na moshi. Labda nione tena ndio niseme."

Akamwona tena. Walikutana bustani ya Jevanjee, wakala mahindi ya kuchoma chini ya miti huku wahubiri wakipigana kwa sauti pande zote. Walikutana Arboretamu, wakatembea mpaka Kileleshwa ambako Kiarie alipanga kijumba cha nyuma ya ghorofa, vile vijumba vilivyojengewa watumishi. Kitanda, rafu ya vitabu, jiko la gesi, basi. Peres alimchagulia shati la samawati kule soko la mitumba la Gikomba. Alipolivaa alionekana kama mtu aliyeajiriwa na serikali. Mvua iliwakuta mara moja wakielekea Woodley, alikoishi Peres na mdogo wake Emmah, wakajibanza chini ya kibaraza cha jirani, na hapo Kiarie akambusu kwa mara ya kwanza, taratibu, kama anayeomba ruhusa.

"Hii mdomo uliivunja wewe," akanong'ona. "Sasa ni yako."

Kila Peres alipomuuliza anafundisha wapi, Kiarie alijibu, "Hapa na pale." Peres hakumbana. Nairobi ilijaa watu wenye uzamifu waliofundisha hapa na pale, vibarua wa elimu, leo chuo hiki, kesho kile, wakilipwa siku ambayo chuo kimejisikia kulipa. Yeye mwenyewe alipenda kuzungumza kuliko kuuliza. Alimweleza juu ya darasa lake la takwimu, wanafunzi mia nne kwenye ukumbi wa mia mbili, waliochelewa wakisikilizia kwenye ngazi. Kipaza sauti kinachokufa katikati ya sentensi. Kazi za nyumbani zilizoandikwa na mashine, zote zikianza na maneno yaleyale, hata kosa likawa moja.

"Na bado ninalipenda," alisema. "Nikifikiria wanakaa tu nyumbani kwa sababu ya mgomo, naumia."

Kiarie alichezea vidole vyake. Kisha akasema, "Nitumie slaidi zako za hiyo takwimu. Nataka kujikumbusha."

Peres alimtumia zote siku hiyohiyo. Alijiona amempa kitu cha ndani zaidi ya busu.

*

Muthama, mwenyekiti wa tawi, alikuwa mtu mfupi mwenye kifua cha pipa na sauti ya kanisani. Alimwita Peres ofisini mwa chama, akafunga mlango.

"Wamefungua madarasa, Katibu. Wameleta vibarua wafundishe kozi zetu. Na yako iko ndani."

"Yangu?"

"Takwimu, ghorofa ya nne. Wakimaliza muhula bila sisi, mgomo umekufa. Kesho tunaenda kuwatoa. Tutaimba, tutapuliza firimbi, wanafunzi watoke. Basi."

Lakini asubuhi, mbele ya lile jumba la katikati ya mji ambalo chuo kilikuwa kimepanga ghorofa sita, Peres alikuta pia vijana asiowajua, wamefunika nusu ya nyuso kwa skafu. Wengine walikuwa na mijeledi, wengine marungu.

"Hawa ni akina nani, Mwenyekiti?"

"Wapenzi wa elimu," Muthama akajibu, akacheka peke yake.

Pale ndipo Peres angegeuka arudi nyumbani. Hakugeuka. Hasira ya darasa lake ilikuwa mbele, miguu ikaifuata.

Lifti ilikuwa imekufa. Walipanda ngazi wakiimba, firimbi zikipasua masikio, na ghorofa ya nne Muthama aliusukuma mlango wa ukumbi kwa teke. Wanafunzi walijaa mpaka madirishani. Ukutani, herufi kubwa zikiwa zimemulikwa, kulikuwa na slaidi aliyoitengeneza Peres mwenyewe, na chini yake jina: Dkt. Peres Were. Mbele ya slaidi hiyo, amevaa shati la samawati la Gikomba, kipaza sauti mkononi, alisimama Kiarie.

"Peres," alisema. Alisahau kipaza sauti kiko wazi. Ukumbi mzima ulisikia jina lile likitamkwa kama linavyotamkwa chumbani.

Muthama aligeuka polepole. "Mnajuana?"

Peres alilitazama lile shati alilolichagua. Kumbe mahindi ya Jevanjee, kumbe busu la barazani, kumbe yote yalikuwa njia ya kufikia zile slaidi. Alijiona ni mjinga mbele ya watu mia nne.

"Namjua," akasema. "Huyo ni mwizi. Mtoeni."

Mwizi! Neno hilo halirushwi ovyo Nairobi. Wale vijana walilipokea kama mbwa wanavyopokea mfupa. Rungu la kwanza lilimpata Kiarie kwenye kiwiko alipoinua mkono kujikinga, na mkono ukalegea papo hapo. Mjeledi ukamzunguka shingoni. Alianguka juu ya meza, wakamwinua kwa ukosi, wakampiga ngumi za uso, jicho likafumba. Wanafunzi walipiga mayowe, viti vikarushwa, wasichana wakakanyagana mlangoni. Walimburuta nje, na katika ngazi kichwa chake kilikuwa kikigonga kila kipandio.

"Inatosha!" Peres alipiga kelele akiwafuata. "Mwacheni! Inatosha!"

Firimbi za chama chake zilimeza sauti yake. Alimshika mmoja skafu, akapigwa kumbo la tumbo akagonga ukuta. Alipofika chini vijana wale walishatoweka katika umati wa barabara. Kiarie alilala kifudifudi kwenye sakafu ya vigae, damu ikitambaa kuelekea mlangoni, mkono wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

*

Mama yake Kiarie aliitwa Waceke, mwanamke wa Uthiru, mwembamba, mwenye sweta la kijani na kitambaa cheupe kichwani. Peres alimkuta nje ya wodi.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni Peres."

Waceke hakuitikia. Alimtazama kutoka kwenye raba hadi kwenye kitambaa cha manjano. Kisha kofi likatua. Lilikuwa kofi la mtu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote, na Peres aliona nyota.

"Hilo ni la kijana yangu," Waceke akasema. "Ile yangu bado nimeweka. Ingia, anataka kukuona. Mimi sitaki."

Kiarie alikuwa na plasta hadi begani. Jicho moja lilikuwa limevimba kama embe. Lile jingine halikumtazama kwa upendo.

"Ulijua niko huko," akasema. "Nani alikuambia? Muthama? Siku zote hizo ulikuwa unanipeleleza tu."

"Mimi? Wewe ndiye ulinitafuta kwa sababu ya slaidi!"

"Nilikutafuta?" Alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Peres, wewe ndiye ulikuja ukanivunja jino."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ati mimi ndiye nimeshika darasa lako? Ungenisikiliza?" Alipumua kwa shida. "Ninyi mkigoma, nchi inajua. Mimi nikigoma, nani atajua? Miaka hii yote nafundisha, sina barua ya kazi, sina hata mlango wenye jina langu. Nikikataa darasa, kuna mwingine pale nje anangoja. Mgomo wenu ukiisha nyinyi mtarudi ofisini. Mimi nitarudi wapi?"

Peres alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa.

"Slaidi nilitaka kwa sababu zako ni nzuri kuliko zangu. Wale watoto wamekaa nyumbani sana. Na jina lako sikulifuta. Niliwaambia siku ya kwanza: hili darasa lina mwenyewe, mimi nimelishika tu mpaka arudi." Akageuza uso ukutani. "Halafu mwenyewe akaja. Akaniita mwizi. Enda, Peres."

*

Mgomo uliisha. Wahadhiri walibebana mabegani, Muthama akatoa machozi mbele ya kamera. Peres alimvuta kando katikati ya shangwe.

"Na vibarua? Kwenye makubaliano wako wapi?"

"Hao si wanachama wetu."

"Na Kiarie?"

"Yule msaliti? Ajali ya kazi." Muthama alimpigapiga begani. "Katibu, tumeshinda. Usiharibu pilau kwa mchanga."

Jioni Peres alimsimulia mdogo wake Emmah, aliyekuwa mwaka wa nne katika chuo hichohicho. Emmah alikuwa anasonga ugali, akasikiliza bila kugeuka.

"Siz, unajua mimi nilikuwa nimefurahi hilo darasa kufunguliwa? Ningemaliza mwaka huu. Mnapigana serikali na nyinyi, nyinyi na vibarua, na sisi ndio nyasi." Akaupiga ugali mwiko. "Lakini hiyo ni yangu. Yako ni kwamba mtu alikupenda na wewe ukamwitia watu. Utafanya nini?"

"Nitaenda polisi. Niseme nilichosema, na niseme nani alileta wale vijana."

"Watakufunga."

"Wacha wanifunge."

Alifanya kosa moja tu: alimpigia Muthama simu akamwambia ajiandae, kwa sababu hakutaka kumchoma mtu mgongoni.

Jumamosi adhuhuri, jua la utosi, Peres alikuwa akipiga pasi sebuleni pale Woodley mlango ulipofunguliwa kwa bega. Waliingia watatu, nusu ya nyuso wamefunika kwa skafu. Wa kwanza alimpiga Emmah kofi lililomwangusha juu ya kochi. Wa pili alimshika Peres koo, akambana kwenye ukuta.

"Umeambiwa unyamaze. Unasikia? Ukienda kituoni, mdogo wako ndiye atalipa."

Peres alikuwa bado na pasi mkononi. Aliibandika kwenye shavu la yule mtu. Ngozi iliungua, harufu ikajaa chumba, na mlio uliotoka pale ulisikika hadi barabara ya Ngong. Wa tatu alichomoa kisu, akakipunga mara moja, kikampasua Peres juu ya nyusi. Damu ikamwagika jichoni. Emmah aliinuka, akakimbilia jikoni, akarudi na sufuria la maji ya moto, akawarushia lote. Watatu wakatoka mbio wakigongana mlangoni.

Wawili walipotea. Wa tatu, mwenye kisu, aliteleza kwenye mtaro, na majirani wakamfikia.

"Mwizi! Mwizi!"

Kwa muda wa kukohoa tu, mtaa mzima ulikuwa nje. Mawe, mateke, mbao zenye misumari. Skafu ikamtoka usoni. Mtu alikuja akiviringisha tairi kuukuu, mwingine akaita boda boda atoe petroli. Peres alitoka akiwa ameziba jicho kwa kiganja, akaliona tairi lile, akasikia neno lile. Akajipenyeza katikati ya miguu ya watu na kujilaza juu ya yule kijana kwa mwili wake wote.

"Toka hapo, mama! Huyu alikuwa anakuua!"

"Alikuwa ananiua mimi! Kwa hivyo mimi ndiye nasema! Mwacheni!"

Jiwe moja lililokuwa limeshatoka mkononi lilimpata mgongoni. Hakutoka. Chini yake kijana aling'ang'ania mkono wake kwa mikono miwili.

"Dakta," akasema kwa sauti ndogo. "Dakta Peres, usiwaache wanichome. Mimi ni Njuguna. Nilikuwa darasa lako. Takwimu."

Peres alimtazama kwa jicho lake moja. Akamkumbuka. Safu ya mbele, dirishani, kijana aliyekuwa akimaliza mtihani kabla ya wote na kuomba karatasi ya kuchorea.

"Njuguna? Wewe ulipata daraja la kwanza."

"Ndiyo, Dakta."

"Na unafanya nini hapa?"

Njuguna alilia kama mtoto. "Nimetafuta kazi mpaka nikachoka. Hii ndio ilipatikana. Hata siku ya ghorofa ya nne nilikuwa. Ni mimi nilimpiga yule mwalimu rungu kwenye mkono."

Mwenye tairi aliliachia, watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Peres aliinuka, bado amemshika shati, damu ikidondoka kidevuni.

"Simama," akamwambia. "Tunaenda kituoni, wewe na mimi. Kila mtu atasema yake."

*

Alimpigia Kiarie akiwa kwenye benchi la kituo, nyusi imeshashonwa.

"Unataka nini?" sauti ikauliza.

"Usikate. Nakuomba. Nimeandikisha taarifa. Nimesema ni mimi niliyekuita mwizi, na ni mimi niliyesema utolewe. Muthama amekamatwa. Nitashtakiwa pamoja naye."

Hakukata. Akasikia redio kwa mbali, na Waceke akiuliza ni nani huyo.

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna. Kiarie, kabla sijaufungua ule mlango, sikujua ni wewe. Naapa kwa Mungu wa mama yangu. Lakini baada ya kuufungua nilijua ni wewe. Na bado nilisema. Hiyo siwezi kuigeuza."

Redio ikazimwa.

"Umeumia?" Kiarie akauliza hatimaye. "Sauti yako ina kitu."

"Kidogo. Kisu."

"Ngai! Wapi?"

"Nyusi. Nitakuwa na alama."

"Dakta," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwita hivyo, "mimi bado nina hasira na wewe. Nikifunga macho nasikia ile neno. Sijui itaisha lini."

"Kuwa nayo. Usiniharakishie msamaha."

"Sikuharakishii. Lakini kesho nipigie tena."

Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Siku nyingine waligombana hadi salio likaisha. Siku nyingine Kiarie alimsimulia jinsi anavyojifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama walevi, na wote wawili wakacheka.

Chuo kilimsimamisha Peres kazi. Muthama aliajiri mawakili wawili na kukana kila kitu, akaomba kesi yake isikilizwe peke yake. Wakili wa Peres, rafiki wa chuoni, alimsihi naye akane: hakuna aliyerekodi, firimbi zilikuwa nyingi, nani angethibitisha? Peres alisimama kizimbani mahakamani Kibera, amevaa gauni jeusi lisilo na pambo, akasema ni kweli.

Hakimu alimuuliza aliyejeruhiwa kama ana neno kabla ya hukumu.

Kiarie alisimama. Alivaa koti la kijivu, mkono wa kulia umebaki na mkunjo ambao madaktari walisema hautanyooka. Peres alitazama sakafu. Wakili wake alimnong'oneza, "Atakuombea, tulia."

"Mheshimiwa," Kiarie akasema, "huyu mwanamke alisema mimi ni mwizi. Alisema nitolewe. Nilimsikia vizuri, na darasa zima lilisikia. Angetaka kunyamaza, angenyamaza. Huu mkono hauandiki tena ubaoni. Watu waseme ukweli wote, na mimi huo ndio wangu." Akamtazama Peres. "Alikuja mwenyewe. Hakuletwa na mtu. Na yule kijana aliyenivunja, yuko hai kwa sababu yake. Hilo pia ni kweli. Nimemaliza."

Hakuomba huruma, wala hakuomba adhabu. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akampa Peres kifungo cha nje: mwaka mzima wa kutumikia jamii, na akikosa hata siku moja, jela.

Nje, kwenye ua wa mahakama, watu walinunua njugu na kungoja jamaa zao. Waceke alikaa kwenye ukingo wa saruji, mkoba mapajani. Kiarie alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Peres.

"Umesema vizuri," Peres akamwambia. "Umesema yote."

"Bado moja. Nioe."

"Nini?"

"Nimekosea. Mimi ndiye nikuoe. Nimekuwa nikijizoesha tangu asubuhi na bado nimekosea."

"Kiarie, umenishtaki asubuhi, unanichumbia mchana?"

"Ningeanza na kuchumbia, hakimu angesema nakufichia. Na wewe ungeishi ukijiuliza kama najua ulichofanya. Sasa unajua najua. Nimekisema mbele ya serikali." Alimshika mkono kwa ule mkono wake wa kushoto. "Hasira ilibaki kidogo sana. Nimeitafuta leo nikiwa nasema pale, nikakuta nakutazama tu kovu."

Peres alitazama juu ya bega lake, kule kwenye ukingo wa saruji. "Na Mama?"

Waceke aliwasikia. Aliinuka, akakung'uta sketi yake, akaja na hatua za mtu asiye na haraka.

"Mimi sijasahau hata kidogo," akasema. "Na nikiangalia ule mkono wake, nasikia kofi ingine inataka kutoka."

"Itoe, Mama."

"Wacha kunifundisha." Waceke alimtazama mwanawe, akamtazama Peres, akashusha pumzi. "Nina ng'ombe tatu Uthiru. Huyu ndiye alikuwa anakuja kunikamulia asubuhi kabla aende kufundisha. Sasa hawezi, na mimi vidole vimezeeka. Mwenye kuvunja mkono ndiye atakuja kukamua."

Peres alifuta machozi kwa nyuma ya kiganja. "Sijawahi kukamua ng'ombe, Mama."

"Kwani si wewe ni msomi?" Waceke akasema, akageuka kuelekea lango. "Utasoma."